Sahani Moja na Mama Mkwe

Watu wakiniona siku hizi wananiambia nimerudi. "Mama, afadhali umerudi, ulikuwa umeisha wewe!" Wanasema kwa furaha kabisa, hasa akina mama tunaosali nao, kwa sababu huku kwetu Mgwashi mtu akikonda ghafla watu huanza kumwombea kwa sauti ya chini. Mimi natabasamu na kuitikia. Siwaelezi kwamba huo mwili uliorudi najua umepitia wapi. Umepitia mkononi mwa mama mkwe wangu, na yeye sasa hayupo.

Zamani nilikuwa mnene, tusifichane. Unene ulianza baada ya mtoto wa pili, ukaendelea mpaka magoti yakakataa. Mashamba yetu yako mteremkoni, kwenda ni kushuka na kurudi ni kupanda, na mimi nilikuwa nikipanda natafuta kisiki cha kukalia kila hatua chache. Kanisani, wenzangu wakipiga magoti kupokea chakula cha Bwana, mimi nilisimama wima kati yao kama nguzo ya nyumba. Mchungaji alikuwa ananinyanyulia kikombe. Niliona aibu, si kwa watu, kwa Mungu mwenyewe. Halafu sukari ikaingia. Mguu wa kushoto ukapata kidonda kidogo tu, cha kiatu, kikakaa wiki na wiki hakitaki kufunga.

Binti yetu wa kwanza ni nesi Dar es Salaam. Ndiye aliyeleta habari kwamba kuna upasuaji wa kupunguza tumbo, na kwamba kwa watu wenye sukari kama yangu unasaidia sana.

Mume wangu akamuuliza kwenye simu, "Linapunguzwa tumbo gani? La nje au la ndani?"

"La ndani, baba. Wanakata kipande."

"Hicho kipande kinapelekwa wapi?"

"Baba, jamani!"

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimesoma kidogo. Nilijiunga na masomo ya jioni nikiwa mtu mzima na watoto, nakaa kwenye dawati la wanafunzi wa mchana huku nimebanwa mbavu, na mwalimu wa baiolojia alituchorea tumbo ubaoni, mfuko wenye mikunjo ndani, akasema mikunjo hiyo hukunjuka chakula kikiingia. Kwa hiyo daktari aliponieleza, nilimwelewa. Alisema watatoa sehemu kubwa kabisa, na kuniachia kipande chembamba kirefu, mfano wa ndizi.

"Ndizi gani, daktari? Maana kwetu ndizi ziko nyingi."

"Ile ndogo, mama. Kisukari."

"Nimekuja mniondolee kisukari, nanyi mnaniachia kisukari?"

Alicheka mpaka akavua miwani. Lakini akarudi kuwa mkali. Aliniambia neno ambalo nimelibeba hadi leo. Akasema, "Hilo tumbo dogo halitabaki vile vile. Mwanzoni utakula vijiko, baadaye utakula sahani ndogo. Kutanuka kidogo ni kawaida, usiogope. Ila ukilishindilia kila siku, linatanuka zaidi, na sukari inarudi. Kukata mara ya pili si jambo dogo."

Nikasema nimesikia. Na kweli nilisikia.

Miezi ya kwanza ilikuwa ya ajabu. Nilikunywa uji mwepesi kwa kijiko cha chai, nikitulia kati ya kijiko na kijiko. Maji nilikunywa kwa mafunda madogo, na si wakati wa kula. Kilichonishangaza zaidi ni njaa. Ilipotea. Walinieleza kwamba ile sehemu waliyotoa ndiyo inayopeleka habari ya njaa kichwani. Nilikuwa napika makande ya familia nzima, harufu imejaa jiko, na mwili wangu umekaa kimya kama vile hakuna kinachopikwa. Nilianza na yai, au maharage yaliyopondwa, kisha mboga; ugali, sisi tunaita bada, nikauacha kabisa, maana tonge moja lilikaa kifuani kama jiwe. Mwili ukashuka. Kidonda kikafunga. Dawa za sukari nikapunguziwa, kisha nikaachishwa. Jumapili niliyopiga magoti madhabahuni nililia mpaka mchungaji akapita akarudi tena kwangu.

Sasa niseme habari za mama mkwe.

Yeye alikuwa mwanamke wa Bungu, mrefu, mwenye maneno. Kwao kulikuwa na desturi kwamba mke wa kijana akiingia nyumbani hapewi sahani yake. Anakula kwenye sahani ya mama mkwe mpaka apate mtoto wa kwanza. Siku niliyoingia kwake nilikaa mkekani nimeinamisha kichwa, nikamsalimia shikamoo kwa sauti isiyosikika, naye akasogeza sahani ikagusa goti langu. "Kula. Kwangu hakuna sahani ya mgeni." Tulikula hivyo mpaka nilipojifungua, ndipo akanipa sahani ya bati yenye maua, akasema, "Haya, sasa nenda kanenepe kwako."

Niliporudi kutoka Dar tulimwambia nimepasuliwa tumbo. Si uongo. Mume wangu alisema tuishie hapo. "Mama hataelewa mtu mzima kukatwa tumbo ili asile." Nikaona ana busara. Mama mkwe akajua ni uvimbe, akawaambia hivyo na majirani, nasi tukaacha.

Wakati huo macho yake yalikuwa yanakwenda. Lilianza la kulia, likafuata la kushoto. Presha ya macho, walisema, na alichelewa. Alipokuwa haoni kabisa, akaanza kuacha kula. Sahani ikiwekwa mbele yake anaigusa pembeni, anachukua kidogo, kinamwagika kifuani, anaona aibu, anaisukuma. "Nakula nini sijui, naangaliwa na nani sijui," alisema. Tulimpikia maharage laini ya fiwi aliyoyapenda, tukamchemshia magimbi, wapi. Akakonda mpaka kitenge kikawa kinamzunguka mara mbili.

Mchana mmoja nilikaa karibu naye nikaona kuna kipande cha jani la mgomba kimeangukia kwenye sahani. Nikapeleka mkono kukitoa. Vidole vyetu vikakutana ndani ya bada. Akashtuka, akanishika, akanipapasa kutoka vidoleni mpaka kwenye kiwiko.

"Kumbe ni wewe," akasema. "Haya, kula."

"Nimeshakula, mama."

"Kula na mimi."

Nikachukua kidogo. Naye akachukua. Nikachukua tena, akachukua. Siku hiyo alimaliza zaidi ya nusu ya sahani. Mume wangu aliporudi alisimama mlangoni kama mtu aliyeona miujiza.

Ndivyo ilivyoanza. Akawa hali bila mkono wangu ndani ya sahani. Nikichelewa shambani, anasubiri. Mjukuu akijaribu kukaa mahali pangu, anamjua kwa mkono, anamfukuza. Na kumdanganya haikuwezekana. Nilijaribu kugusa sahani bila kula.

"Sijasikia ukitafuna."

"Natafuna, mama."

"Unatafuna hewa. Macho ndiyo yamekufa, masikio bado yananilinda."

Nikajaribu kumtupia kuku tonge langu chini ya kiti. Akauliza, "Huyo kuku amepoteza nini miguuni kwako?" Nikashindwa, tukacheka wote. Halafu akafinyanga tonge kubwa, akalichovya kwenye mboga, akalishika mbele ya mdomo wangu, au pale alipodhani mdomo wangu upo. "Hili lako. Fungua."

Mtu hawezi kumkatalia kipofu mkono ulionyooshwa. Labda mwingine anaweza. Mimi niliona ninamlisha mwanamke aliyekuwa anakufa kwa njaa na meza imejaa. Nilisali nikasema, Bwana, hii ndiyo kazi uliyonipa, na sikuwa naigiza. Hata sasa naamini kazi ile aliniwekea Bwana.

Mwanzoni nililipia. Tonge lilipita kwa maumivu, jasho linanitoka, natoka kwa kisingizio cha kuangalia moto, natapika nyuma ya jiko, nanawa, narudi kukaa. Baada ya muda maumivu yakapungua. Siku moja nikala matonge yote aliyonipa na hakuna kilichotokea. Sikutapika, sikuhisi jiwe. Nilifurahi jamani! Nilidhani mwili umezoea, umepona kabisa. Sikufikiri kwamba tumbo limepisha. Kisha asubuhi moja, nakamua maziwa, nikasikia kitu ambacho nilikuwa nimekisahau. Njaa. Ilikuja kwa upole kama mgeni anayebisha hodi nje.

Yeye naye alinawiri. Mashavu yalirudi, matusi yake ya mapenzi yakarudi. Mzee wa kanisa aliyekuwa anamletea sakramenti nyumbani alimwambia, "Bibi, umekuwa kijana." Akajibu, "Kaa mbali basi, usije ukanichumbia." Nyumba ilikuwa na raha. Hilo sitalikana, hata kwa majuto niliyonayo. Kipindi kile nyumba yetu ilikuwa na raha.

Nilianza kuhisi ganzi nyayoni, kama nimevaa soksi wakati sijavaa. Nikaenda Bumbuli kupima. Sukari ilikuwa imerudi, na juu. Binti yangu aliposikia akanitumia nauli nikashuka Dar. Wakanipa kinywaji cheupe kama chokaa, wakapiga picha kikiwa kinashuka. Daktari yule yule akaniwekea picha kwenye taa.

"Unaona hapa juu? Hapa palikuwa pembamba. Sasa pamevimba kama shingo ya kibuyu."

"Limerudi lilivyokuwa?"

"Hapana, bado. Ila limetanuka kupita kiasi. Likiishia hapa, tutaweza kuishi nalo. Likiendelea, mama, ule mguu wa kushoto siwezi kukuahidi."

Nje, kwenye benchi, binti yangu aliniuliza, "Mama, nani anakulisha?" Aliuliza kama mtu anayeuliza nani anakupiga. Nikamweleza. Akasugua kiganja changu kwa kidole gumba. Nikamwambia nikirudi nitatafuta njia ya kumzoesha bibi yake taratibu, asijue, aendelee kula na mimi nipunguze. Akaitikia. Nilidhani tumeelewana.

Alikuja likizo ya Krismasi. Jioni ya pili nilikwenda mazoezi ya kwaya ya akina mama. Nikarudi, nikapakua, nikanawa mikono, nikavuta kigoda karibu na mama mkwe kama siku zote.

"Leo nataka sahani yangu peke yangu," akasema.

"Nimekukosea, mama?"

"Kukosea nini? Nimezeeka. Nataka kula polepole bila mtu kunikimbiza."

Alikula matonge mawili, akafuta vidole kwenye kitambaa. "Nimeshiba. Mungu awabariki." Kesho yake hivyo hivyo. Nikikaa karibu ananifukuza. "Huna kazi wewe? Nenda kapalilie." Nikajua amekasirika na sijui kosa langu. Mchana mmoja sikuvumilia. Nikapeleka mkono ndani ya sahani yake bila kusema neno, nikitafuta vidole vyake kama siku ile ya kwanza. Akaukamata. Alikuwa bado ana nguvu. Akautoa mkono wangu kwenye sahani, akaufuta bada kwa upindo wa kitenge chake, kidole kimoja kimoja, akauweka juu ya paja langu.

"Huu mkono usije tena humu."

Nikatoka nje, nikampigia simu binti yangu, alikuwa ameshateremka Dar. Akaanza kulia kabla sijamaliza kuuliza.

"Nilimwambia, mama. Nilimwambia ulikatwa tumbo na kwa nini ulikatwa. Nikamwambia kila tonge analokupa linakurudishia ugonjwa. Nisingeweza kunyamaza. Mimi ndiye ninayeona miguu inavyokatwa huku."

Sikumlaumu. Na sasa simlaumu. Alikuwa anamtetea mama yake.

Nilisubiri siku ya jua. Nilimtoa mama mkwe nje, nikamkalisha kwenye ukuta wa jikoni unaoshika joto, nikakaa chini miguuni pake. Nikamwambia binti amenieleza.

"Mbona hamkuniambia?" akauliza.

"Tuliona hutaelewa, mama."

"Nisielewe nini? Mtu akiniambia hiki kinamdhuru fulani, hapo kuna nini cha kuelewa? Mnadhani macho yakifa na akili inafuata?"

Nikaomba radhi. Akatikisa mkono kama anafukuza inzi.

"Sikiliza," akasema. "Ile siku ya kwanza uliyoingiza mkono kwenye sahani nilikupapasa. Nilikuta mifupa. Wewe, niliyekuambia nenda kanenepe! Nikajua huyu ana jambo. Ana uchungu, au ugonjwa haujaisha, na hawaniambii kwa sababu ni kipofu. Nikasema, basi, huyu nitamlisha mimi. Hamu ya chakula sikuwa nayo, nilishamaliza kula duniani. Lakini nikiacha, nawe unaacha. Kwa hiyo nikawa nakula."

Siku zote hizo nilikuwa nafungua mdomo ili yeye ale, naye alikuwa anafungua wake ili nile mimi. Kila mmoja anamhurumia mwenzake, kila mmoja anajilazimisha, na kuku anatuangalia.

"Basi endelea kula kwa ajili yangu," nikamwambia. "Kila mtu na sahani yake, lakini kula."

"Nimekula sana kwa ajili yako, mwanangu. Tumbo langu nalo limechoka." Akanipapasa kichwani, kitambaa changu kikamtoka chini ya mkono. "Usilie. Sasa umejaa vizuri. Nimekugusa, hakuna mifupa."

Tulihangaika baada ya hapo. Mume wangu alikaa naye akala naye sahani moja. Alikula kwa heshima, kama anavyokula mgeni kwenye nyumba asiyoizoea. Wajukuu walimwimbia, alitabasamu na kuomba maji. Tulimpeleka hospitali, wakampima, wakasema hana ugonjwa, ni uzee. Alipungua tena taratibu. Ukungu wa kipupwe ulipoanza kushuka mpaka milangoni, akalala asubuhi moja na hakuamka. Alikuwa amesali usiku wake, nilimsikia, jina langu lilikuwemo.

Baada ya msiba nilishuka Dar kupimwa. Binti yangu alikaa pembeni. Daktari aliweka picha mpya karibu na ile ya zamani, akazilinganisha, akageuka amefurahi. Tumbo halijaongezeka. Sukari imeanza kutii dawa. Hata uzito umeshuka kidogo.

"Hongera, mama. Wengi hushindwa hapa. Umefanyaje?"

"Ana nidhamu," binti yangu akajibu haraka.

Nikamshukuru daktari, na Mungu nikamshukuru moyoni, kwa maana nimefundishwa kushukuru kwa yote na ninajitahidi. Lakini shukrani ile ilikuwa nzito kutoka. Nilijua ni siku gani tumbo lile liliacha kutanuka. Ni siku aliyonifuta vidole.

Upasuaji siujutii. Bila huo ningekuwa na mguu mmoja, au nisingekuwepo. Ninachojutia ni kitu kidogo, na kinanijia nikiwa napakua chakula changu, yai kwanza, halafu maharage, sahani ya chai inatosha. Naona jinsi ambavyo ingewezekana. Tungemwambia kweli tangu mwanzo kuhusu tumbo hili lililobaki. Angecheka, angetukana kidogo madaktari wa Dar, kisha angeuliza, "Sasa hicho kijitumbo kinakula nini?" Ningemwambia, maharage, mama. Mkono wangu ungekaa kwenye sahani yake muda wote anapokula, na mimi nikitafuna maharage, punje moja moja, polepole, kwa sauti ya kutosha asikie.